Bendera Inamdai Nini Mkaaji wa Golf

Asubuhi, yapata saa moja na nusu, na tena jioni saa kumi na mbili, filimbi hulia mbele ya ofisi za komini, vituo vya polisi na kambi za askari mjini Lubumbashi, na kila aliye karibu hutakiwa kusimama. Mwenye kwenda kwa miguu hukatisha mwendo, mwenye kofia huivua, dereva huzuia gari mpaka kitambaa cha buluu kifike juu ya mlingoti au kishuke mikononi mwa askari. Desturi hii iko kote Kongo. Mgeni huonywa habari zake kabla hajafika, kwa sababu asiyesimama hukaripiwa, na pengine hudaiwa pesa zisizo na risiti. Kwa wengi wetu, heshima ya bendera imeishia hapo: usimame kwa wakati, kisha uendelee na safari. Mimi naona kusimama ni jambo jema, wala sitaki liondolewe. Ila tumelielewa vibaya, tukadhani kwamba tunasimama kwa ajili ya mwenye filimbi. Historia ya mji huu inaonyesha kwamba mwenye haki ya kudai heshima hiyo ni jirani, na kwamba bendera imevunjiwa heshima zaidi na watu waliosimama wima mbele yake kuliko na wale waliopita bila kusimama.

Tuanze na sheria. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 inaitaja bendera katika ibara yake ya kwanza: buluu ya mbingu, nyota ya manjano katika pembe ya juu kushoto, na mkanda mwekundu unaokatiza kimshazari, kingo zake zikiwa na manjano nyembamba. Buluu huelezwa kuwa ni amani, nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, manjano ni utajiri wa ardhi yake. Ibara hiyohiyo inataja maneno matatu ambayo taifa limejiwekea, yaani Haki, Amani na Kazi, na inakiweka Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Lakini anayetaka kujua bendera hiyo inamtaka afanye nini hana budi kuendelea kusoma hadi ibara za 62 mpaka 67, ambako wajibu wa raia umepangwa. Huko anakuta kwamba kuilinda nchi dhidi ya uvamizi ni haki na wajibu mtakatifu, kwamba raia lazima alipe kodi, na kwamba lazima alinde mali ya umma na kuheshimu mali ya mwenzake. Ibara ya 66 inamtaka amheshimu kila raia mwenzake na kuishi naye bila ubaguzi wowote, kwa namna inayoimarisha umoja na kuvumiliana. Katika ibara hizo zote hakuna inayopima uzalendo kwa dakika ambazo mtu amesimama barabarani.

Lubumbashi imeona bendera nyingi kuliko miji mingi ya umri wake. Ilipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ilikuwa chini ya bendera ya koloni, buluu yenye nyota moja ya dhahabu, iliyorithiwa kutoka dola ya mfalme Leopold wa Pili. Tarehe 30 Juni 1960 ikapandishwa bendera ya uhuru, yenye nyota kubwa katikati na nyota ndogo sita pembeni kwa ajili ya majimbo sita ya wakati ule. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo, akatangaza kujitenga kwa Katanga, na mji ukapata bendera ya nyekundu, nyeupe na kijani yenye misalaba mitatu ya shaba, ile misalaba ambayo wenyeji wa eneo hili waliitumia kama fedha kabla Wazungu hawajafika. Januari 1963 kujitenga kukakomeshwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa, na mwaka huohuo bendera ya Kongo yenyewe ikabadilishwa na kutiwa mkanda mwekundu. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, bendera ikawa ya kijani, yenye duara la manjano na mkono ulioshika mwenge, alama iliyotoka katika MPR, chama cha rais Mobutu. Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila alijitangaza kuwa rais akiwa hapahapa Lubumbashi, jina la Kongo likarudi, na buluu yenye nyota sita ikarudi pia. Mwaka 2006 ikaja hii tuliyo nayo, inayofanana sana na ile ya miaka ya sitini. Wimbo nao ulipita njia hiyohiyo: Debout Congolais wa mwaka 1960 uliwekwa kando ili La Zaïroise ipate nafasi, kisha ukarudishwa mwaka 1997, na maneno ya nyimbo zote mbili yaliandikwa na padri mmoja, Simon-Pierre Boka. Mzee aliyezaliwa mjini humu mwaka 1955 ametakiwa kusimama mbele ya bendera sita au saba, kutegemea anavyozihesabu.

Wapo wanaoitazama historia hii na kusema kwamba bendera ni kitambaa tu, kila mtawala huja na chake, na mwenye akili haweki moyo wake juu ya kitu kinachobadilishwa kwa amri. Hoja hiyo ina nguvu, nami siipuuzi. Lakini inasahau kwamba chini ya bendera zote hizo watu wamekuwa walewale na watoto wao. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoanza kuyeyusha shaba ilikusanya wafanyakazi kutoka mbali, wengine Kasai, wengine Rwanda na Urundi, wengine Rhodesia ya Kaskazini, ikawaweka katika kambi pamoja na watu wa Katanga yenyewe. Kiswahili cha Lubumbashi kilikua katika makutano hayo. Watu wasio wa ukoo mmoja, wasio wa kijiji kimoja, wanahitaji kitu kinachowaambia kwamba wanadaiana haki, kwa kuwa hakuna babu wa pamoja atakayewaambia. Bendera ya taifa ilipewa kazi hiyo. Kama ni kitambaa tu, basi hata hati ya nyumba ni karatasi tu, na hakuna anayeitupa ya kwake.

Sasa tuangalie jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Enzi ya Mobutu ndiyo iliyodai heshima ya bendera kwa ukali kuliko enzi yoyote. Watu walisimama, waliimba, walicheza ngoma za chama, na siku ya salongo walitoka kufanya kazi za lazima. Kama kulazimishwa kungezaa raia wema, Zaire ingekuwa nao kwa mamilioni. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi waliuawa ndani ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na serikali iliyopandisha bendera kila asubuhi haikuwahi kueleza kwa ukweli ni wangapi. Mwaka 1991 askari wasiolipwa walianza kupora Kinshasa, na uporaji ukafika hadi hapa. Kisha kuanzia mwaka 1992, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na wanasiasa waliokuwa upande wake walipokuwa wakihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga, watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, wakafukuzwa majumbani na kazini. Mamia ya maelfu waliondoka Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na miji mingine ya jimbo. Wengi walilala kwenye stesheni za reli wakingoja treni ya kuwapeleka kwa mababu wasiowajua, na wengine walifia njiani. Wengi wa waliofukuzwa walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakasimama mbele ya bendera moja na wale waliowafukuza. Hakuna aliyelazimika kuishusha bendera ya Zaire ili ayatende hayo. Ilibaki juu ya mlingoti, na kila jioni saa kumi na mbili watu walisimama.

Huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika jambo hili. Tunapofundisha watoto kwamba kuidharau bendera ni kupita bila kusimama, au kuivaa vibaya, au kucheka wakati wa wimbo, tunawaacha wadhani kwamba aliyemwita mwenzake mdudu na kumtoa nyumbani hakuvunja kitu chochote cha taifa. Yeye alivunja jambo ambalo bendera ipo kwa ajili yake.

Ni kweli kwamba kuna bendera nyingine inayopendwa mjini humu, na haifai kuikwepa. Tarehe 23 Machi 2013 mamia ya wapiganaji wa Bakata Katanga, kundi lililotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi wakiwa na rangi nyekundu, nyeupe na kijani, wakafika katikati ya mji na kuipandisha bendera ya Katanga katika uwanja wenye jina la Tshombe. Watu kadhaa waliuawa siku hiyo kabla ya wapiganaji hao kukimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa na kujisalimisha. Wengine husema kwamba yeyote mwenye kuihifadhi misalaba ya shaba moyoni ni msaliti. Siamini hivyo. Kuipenda Katanga, kujivunia shaba yake na kuuliza kwa nini utajiri wake hauonekani katika barabara za Katuba au Ruashi ni haki ya raia. Tangu mwaka 2015 Katanga ya zamani imegawanywa kuwa majimbo manne, Haut-Katanga likiwa mojawapo, na malalamiko hayo hayakuisha kwa kuchora mipaka mipya. Kosa la mwaka 2013 lilikuwa kuitumia bendera kumwambia jirani kwamba hana mahali, kama alivyoambiwa mwaka 1992. Bendera yoyote inayotumiwa hivyo imeharibika, hata kama imefuliwa na kupigwa pasi, na hukumu hiyo inaihusu ya taifa sawasawa na ya jimbo.

Hakuna mahali ambapo jambo hili linauma kama katika habari ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa kwa ndege Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, akapigwa, akafungiwa katika nyumba iliyoitwa Villa Brouwez, si mbali na uwanja wa ndege wa Luano, na usiku huohuo wote watatu wakauawa kwa risasi porini Shilatembo, mwendo wa kilomita hamsini hivi kutoka mjini. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa Wakatanga na Wabelgiji. Miili ikaharibiwa kwa tindikali. Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja, ndilo lililobaki, na jeneza lililofunikwa bendera ya Kongo likazungushwa nchini, likafika hadi Shilatembo, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Yapo mambo mengi ya kusema kuhusu ziara ile na gharama zake. Lakini bendera ilipotandazwa juu ya jeneza hilo katika udongo wa Katanga, ilikuwa inakiri deni: mtu huyu alikuwa wetu, na aliuawa kwetu. Kukiri hivyo mbele ya watu kunaheshimu bendera kuliko gwaride.

Watakuja wanaosema: haya ni maneno mazuri, lakini bila lazima hakuna nidhamu, na ukiacha kumkaripia asiyesimama leo, kesho hakuna atakayesimama. Tazama nchi nyingine. Ufilipino ina sheria kali ya bendera na alama za taifa, namba 8491 ya mwaka 1998. Inaeleza jinsi ya kusimama na kuweka mkono wa kuume kifuani wakati wa wimbo, inakataza bendera kufanywa kitambaa cha meza au pazia, na inaagiza kwamba bendera iliyochakaa ichomwe kwa heshima. Inavutia kuona ni wajibu kiasi gani unaangukia wenye ofisi, si wapita njia peke yao. Lakini mapenzi ya Wafilipino kwa bendera yao ni ya zamani kuliko sheria hiyo. Ilipandishwa huko Kawit tarehe 12 Juni 1898, na Wamarekani walipoitawala nchi waliipiga marufuku kuanzia mwaka 1907 hadi 1919. Watu waliitunza katika miaka ile ambayo kuionyesha kulikuwa kosa, bila polisi wa kuwalazimisha. Marekani yenyewe, iliyokuwa imewakataza wengine bendera yao, ilijifunza jambo baadaye: mwaka 1943, katikati ya vita kuu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa Mashahidi wa Yehova hawawezi kulazimishwa kuisalimu bendera shuleni. Nchi haikusambaratika, wala haikushindwa vitani. Kwa hiyo sikubali kwamba woga ndio msingi wa heshima. Mtu husimama vizuri zaidi akijua kwa nini anasimama, na faini isiyo na risiti inamfundisha kinyume chake kabisa, kwamba bendera ni mtego wa mtu mwenye njaa aliyevaa sare. Askari anayechuma kupitia bendera namna hiyo ndiye anayeidharau, na anayetembea kwa miguu kutoka komini za Kenya au Kamalondo hukamatwa kwa urahisi kuliko aliye nyuma ya vioo vyeusi.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la vita. Huko mashariki, Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Wakati kama huu, watu huuliza, ni haki kweli kujadili namna ya kusimama? Nchi iliyovamiwa inataka safu iliyonyooka. Jibu langu naliona katika kitendo cha wachezaji wa timu ya taifa, Leopards, tarehe 7 Februari 2024 huko Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Ivory Coast. Wimbo ulipopigwa hawakuimba kama kawaida. Waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole kwenye panja kama bastola, ili ulimwengu uone mauaji ya mashariki na ukimya unaoyafunika. Kwa kipimo cha filimbi, hao wangeonekana wamevuruga wimbo wa taifa. Wakongo wengi hawakuona hivyo, na walikuwa sahihi: wachezaji wale, ambao baadhi yao walizaliwa Ulaya, walikuwa wakiwasemea raia wa Kivu na Ituri ambao hawakuwa na pa kusemea. Ibara ya 66 inamtaka raia auimarishe mshikamano wa taifa hasa pale unapotishiwa, na wao waliutimiza wajibu huo mbele ya kamera za dunia nzima. Vita pia imezaa jaribu la kinyume, la kumtazama kila mwenye kuzungumza Kinyarwanda kama adui. Anayemkamata jirani barabarani kwa sababu ya sura yake huku amejifunga bendera mabegani anarudia mambo ya mwaka 1992 kwa rangi nyingine.

Wajibu huo kwa jirani hauishii vitani, na hapo ndipo Golf inapoingia. Mtaa huu uliopata jina lake kutoka uwanja wa gofu, na ambao leo una Golf Météo, Golf Plateau na Golf Malela, ni makao ya watu waliofanikiwa: wenye kazi za migodini, wafanyabiashara, maafisa, maprofesa, na wageni wa kila taifa. Mwenye nyumba huko anaweza kuchimba kisima chake, kununua jenereta yake, kuajiri walinzi wake na kupandisha ukuta wake, na akishafanya hivyo anaihitaji serikali kidogo sana. Simlaumu kwa kujitafutia maji ambayo umma haukumletea. Lakini raia wa namna hiyo ndiye anayejaribiwa zaidi kufikiri kwamba uzalendo wake unakamilika kwa kusimamisha gari dakika moja karibu na kituo cha polisi. Ibara ya 65 inamdai kodi, na nyumba za Golf ndizo zenye uwezo wa kuilipa. Ibara ya 67 inamdai asielekeze takataka na maji machafu yake kwenye mfereji wa umma unaoteremka kwa wenzake. Ibara ya 66 inamdai amwajiri mlinzi na mama wa jikoni kama raia wenzake, kwa mshahara unaolipwa kwa wakati, bila kuuliza kwanza wametoka jimbo gani. Mtu anayetimiza hayo akapitwa na filimbi kwa bahati mbaya hajaikosea bendera.

Na serikali nayo inadaiwa. Haifai ofisi ya umma ipandishe bendera iliyopauka na kuchanika huku ikimkaripia mpita njia. Haifai ofisi ichukue kodi bila kutoa risiti chini ya mlingoti huohuo. Ibara ya 51 inaiagiza Dola ihakikishe makabila yote ya nchi yanaishi pamoja kwa amani, na ibara ya 142 inaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu itangazwe. Wajibu huu wa mwisho umezembewa mno, ilhali ni wa kwanza kwa umuhimu katika mji ambao watu wake hupatana, hugombana na huoana kwa Kiswahili. Elimu ya uraia imo katika ratiba ya shule, na watoto hupanga mstari asubuhi, wa Ruashi na wa Golf vilevile. Baada ya wimbo, kabla hawajaingia darasani, mmoja wao angeweza kusoma ibara ya 66 kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mwalimu akaeleza kwa dakika mbili yaliyotokea kwenye stesheni za reli za Katanga kuanzia mwaka 1992. Jambo hilo halihitaji sheria mpya wala fedha kutoka Kinshasa, na mkuu wa shule yoyote anaweza kulianza Jumatatu ijayo.